Kalsiamu iko juu, KH iko chini: chapati zimejaa, mayai yamekwisha

"Mwalimu, shikamoo. Nina tangi la maji chumvi la lita 300 sebuleni kwangu Ntinda, Kampala. Lina miezi 18, na ndani mna matumbawe laini pamoja na machache magumu. Tangu mwanzo wa mwaka ncha za yale magumu zinageuka nyeupe. Niliambiwa mifupa yao ni kalsiamu, basi nikawa naongeza kloridi ya kalsiamu kila asubuhi. Wiki iliyopita nilipima: kalsiamu 480, KH (ualkali wa maji) 5.6, pH (kiwango cha asidi) 7.8. Niliposikia kwamba KH hiyo ni ndogo, nikachukua magadi ya jikoni, vijiko vitatu vya chakula, nikamimina mbele ya pampu. Maji yakawa kama maziwa. Baada ya siku mbili kalsiamu ilikuwa 440, KH 5.9, na hita imevaa ganda jeupe gumu. Mwenzangu wa Mombasa ananishauri chokaa ya tambuu, fundi wangu anasema chokaa ya ujenzi ya Tororo ni ileile. Nifuate kipi? Na je, nikiagiza maji ya bahari kutoka Mombasa nitaondokana na haya yote?"

Marahaba, ndugu yangu. Umenirahisishia kazi kwa kuandika namba, maana ndizo zinazosimulia kisa chote. Hofu yako ni kwamba matumbawe yanakosa kalsiamu na kila unachofanya hakifiki. Nianze na habari njema: kalsiamu hayajaikosa hata siku moja. Maji ya bahari yenyewe yana takriban miligramu 410 hadi 420 za kalsiamu kwa lita. Wewe ulikuwa na 480. Kilichokwisha ni kitu kingine, na kila kijiko cha kalsiamu ulichoongeza kilikuwa kinajaza gunia ambalo tayari limefurika.

Fikiria kijana wa rolex, chapati iliyokunjwa na mayai, pale kwenye kona ya barabara yenu. Kila rolex anayokunja inataka chapati moja na mayai mawili. Sasa mpe chapati kumi na mayai mawili tu. Akimhudumia mteja wa kwanza, kazi imekwisha, ingawa chapati tisa bado ziko juu ya meza. Ukimkimbilia na chapati nyingine tano, hujamsaidia lolote. Tumbawe gumu linajenga mifupa yake kwa hesabu hiyohiyo: chembe moja ya kalsiamu kwa chembe mbili za baikabonati, na kinachotoka ni kabonati ya kalsiamu, maji, na hewa ukaa kidogo. Katika maji ya bahari kuna takriban milimoli 10 (kipimo cha kuhesabu chembe) za kalsiamu kwa kila lita, lakini ualkali wote, yaani hasa akiba ya baikabonati, ule tunaoupima kwa digrii kama KH, ni milimoli 2 na nusu hivi. Chapati kumi, mayai mawili na kitu. Ndiyo maana siku zote KH ndiyo inayoishiwa kwanza, na ndiyo unayopaswa kuiangalia kila siku, kalsiamu ukaipima mara moja kwa wiki.

Kutoka hapo inatoka kanuni moja ambayo ningependa uibandike kwenye mlango wa kabati la tangi: kila digrii 1 ya KH inayoliwa na matumbawe huondoka na takriban miligramu 7 za kalsiamu kwa lita. Tazama jinsi inavyodanganya macho. KH ikishuka kutoka 8 hadi 6 umepoteza robo ya akiba yako, lakini kalsiamu imeshuka miligramu 14 tu, na kipimo chako cha matone pengine hakitaona hata tofauti. Mtu anapima kalsiamu, anaiona imekaa palepale, analala usingizi, na huku KH inaisha.

Kanuni hiyo inaeleza pia yale maziwa. Magadi ya jikoni, kama yangekuwa safi, vijiko vyako vitatu ni gramu 45 hivi, na katika lita 300 zingepandisha KH kwa digrii kama tano na nusu. Ungetoka 5.6 ukafika 11. Ulipima 5.9. Digrii tano zilikwenda wapi? Zizidishe mara 7 upate 35 na kitu, kisha angalia kalsiamu yako: 480 hadi 440. Zimekwenda pamoja. Ziko kwenye hita yako. Lile ganda ni jiwe la chokaa ulilolitengeneza mwenyewe sebuleni, na hakuna tumbawe lililofaidika nalo.

Ilitokea kwa sababu maji ya bahari hubeba kalsiamu na kabonati zaidi ya kiwango ambacho chumvi hizo zingekaa bila kuganda. Yanashikiliwa tu. Kinachoyashikilia kwa sehemu kubwa ni magnesiamu: punje ndogo ya chokaa inapoanza kuumbika, magnesiamu inajipachika juu ya uso wake na kuizuia kukua. Lakini magadi si baikabonati tupu. Ndani yake mna kabonati nyingi, nayo hupandisha pH kwa ghafla pale inapoangukia. Ukaimimina yote mahali pamoja, kwenye maji yenye kalsiamu 480, na kizuizi kikashindwa. Hita na pampu ndizo zilizoshambuliwa kwanza kwa kuwa zina joto. Hata siku ambazo huongezi kitu, ganda jembamba hupenda kuanzia hapo.

Kwa hiyo magadi ya jikoni yarudi jikoni yakalainishe maharage. Huokotwa ziwani na huja na mengine yaliyokuwamo ziwani, na hayo huyaoni kwa macho. Ndivyo ninavyowajibu pia wanaoniuliza kuhusu chumvi ya ziwa Katwe. Ni chumvi nzuri kwa kazi zake, lakini ziwa lile si bahari, na mchanganyiko wake wa chumvi ni mwingine kabisa.

Kabla ya kufika kwenye chokaa, tuzungumzie ile pH ya 7.8, maana najua itakusumbua. Watu wengi hudhani pH na KH ni kitu kimoja, wakiona pH ndogo wanakimbilia baikabonati. KH ni akiba iliyomo majini. pH inategemea akiba hiyo pamoja na hewa ukaa iliyoyeyuka humo. Nyumba ikifungwa madirisha usiku kwa ajili ya mbu, na watu sita wamelala ndani, hewa ukaa inajaa chumbani na inaingia tangini, na pH inashuka bila KH kupungua hata nukta. Huwa chini zaidi alfajiri, kwani usiku hakuna mwanga wa kuwawezesha mwani na matumbawe kuitumia hewa hiyo. Na kama sigiri huwashwa karibu na mlango wa sebule, umepata jibu lingine.

Jipimie mwenyewe. Chota kikombe cha maji ya tangi asubuhi, pima pH, kitoe nje barazani, tia bomba la pampu ndogo ya hewa na uache libubujike saa nzima. Pima tena. Ikitoka 7.8 ikafika 8.1, tatizo ni hewa ya chumba, na dawa yake ni dirisha. (Na nikuombe kama ndugu: sigiri isiwake ndani ya nyumba iliyofungwa. Matumbawe yanaweza kuvumilia pH ya 7.8 kwa miaka. Moshi wa makaa unaua watu usiku mmoja.)

Sasa chokaa. Wote wawili, mwenzako wa Mombasa na fundi wako, wamegusa jambo la kweli. Maji ya chokaa ni njia ya zamani na iliyo nzuri sana ya kulisha tangi, kwa kuwa haidroksaidi ya kalsiamu huleta kalsiamu na ualkali kwa uwiano uleule ambao matumbawe huutumia. Chapati moja, mayai mawili, kila mara. Haikuachii chumvi ya ziada, na inapandisha pH kidogo, jambo ambalo kwa nyumba zetu zilizofungwa usiku ni faida. Lakini chokaa si chokaa tu. Ya ujenzi hutengenezwa kwa ajili ya kuta, hakuna anayejali kama ina mchanga, chuma au fosfeti. Kwa mawe ya upande wa Tororo nina hofu ya ziada: vilima vya Sukulu pale jirani vinajulikana hasa kwa fosfeti, na fosfeti ndiyo inayowazuia matumbawe kujenga mifupa, na tena hulisha mwani. Chokaa ya tambuu nayo hutegemea nani aliichoma na alichoma nini. Tafuta haidroksaidi ya kalsiamu ya daraja la chakula au la maabara, kwa wauzaji wa kemikali za maabara mjini Kampala. Kopo la kilo moja litakaa nawe muda mrefu, kwa sababu lita moja ya maji huyeyusha gramu 1.5 hivi tu na iliyobaki hutulia chini.

Matumizi yake ni hivi: koroga, funika, acha itulie saa kadhaa, kisha chukua maji maangavu ya juu uyatumie kufidia maji yanayokauka. Tone kwa tone, usiku, mahali penye mkondo. Tangi lako likipoteza lita 3 kwa siku na ukazifidia zote kwa maji ya chokaa yaliyokolea, unapata takriban digrii 1 ya KH kwa siku pamoja na kalsiamu yake. Kwa matumbawe magumu machache huenda hiyo ikatosha kabisa.

Ila maji hayo ni makali, pH yake ni zaidi ya 12, na hapa napaswa kukuambia lililonipata. Miaka ya nyuma nilimfungia mteja mtambo wa kujaza maji ya chokaa wenye boya. Umeme ukakatika usiku, ukarudi, boya likakwama kwa sababu lilikuwa limeota ganda, na karibu lita 15 zikaingia kwa pamoja kwenye tangi la lita 400. Asubuhi tulikuta maji meupe na samaki wamelala kwa ubavu kwenye mchanga. Nilipaswa kuweka pipa dogo ambalo hata likimwagika lote halileti madhara, na kulisafisha boya kila wiki. Tangu hapo simwekei mtu yeyote pipa la zaidi ya mahitaji ya siku moja. Nawe ukianza, jaza chombo cha lita 3 kila jioni kwa mkono, tundika juu, na uache kidondoke kwa mpira wa dripu wenye kibano.

Njia ya pili ni vimiminika viwili, kimoja cha kloridi ya kalsiamu ambayo tayari unayo, na kingine cha baikabonati ya soda safi. Soma pakiti: iandikwe baikabonati ya soda peke yake. Bekingi pauda ina wanga na asidi ndani yake na haifai. Njia hii ni rahisi kuhesabu, haina ukali wa chokaa, na haitegemei maji yanayokauka. Ubaya wake ni kwamba kila siku inaacha chumvi ya kawaida nyuma, kwa hiyo pima chumvi ya tangi kila wiki na ubadilishe maji kwa utaratibu. Njia ya tatu, mtambo wa kuyeyusha kokoto za matumbawe kwa mtungi wa hewa ukaa, ni nzuri kwa matangi makubwa yaliyojaa matumbawe magumu. Kwa lita 300 ni gharama na usumbufu wa bure. Nikiwa mimi, ningeanza na vimiminika viwili mpaka namba zitulie, halafu nikahamia kwenye maji ya chokaa.

Lakini wiki hii usianze na chochote kati ya hivyo. Anza kwa kuhakikisha kipimo chako cha KH kinasema kweli, maana matone yaliyopitwa na muda yamewaangusha wengi. Nenda na baikabonati yako kwa sonara mwenye mizani ndogo, akupimie gramu 2.4. Iyeyushe kwenye lita moja ya maji yaliyochujwa hadi kubaki matupu. Kisha chukua mililita 100 za maji hayo, ongeza maji yaleyale matupu hadi ufike lita moja kamili. Ulichonacho sasa ni maji yenye KH 8. Yapime. Kipimo kikisema 8 au karibu yake, kiamini. Kikisema 6, umekuwa ukikimbizana na kivuli.

Pima na magnesiamu pia, ambayo hukuitaja. Bahari ina takriban miligramu 1,300 kwa lita. Ikiwa yako iko chini ya 1,200, kila utakachoongeza kitaendelea kuganda kwenye hita, na hiyo irekebishwe kwanza. Hita na pampu zichomoe kwenye umeme, acha hita ipoe, kisha zilowekwe kwenye siki iliyochanganywa na maji mpaka ganda litoke povu na kulainika. Usikwangue kioo cha hita kwa kisu.

Baada ya hapo acha kalsiamu kabisa, 440 inatosha. Pandisha KH peke yake. Tangi lako la lita 300, ukitoa nafasi ya mawe na mchanga, lina maji kama lita 260. Gramu 8 za baikabonati katika maji hayo hupandisha KH digrii 1. Yeyusha gramu hizo kwenye jagi la maji matupu, mimina taratibu jioni mahali penye mkondo mkubwa, mbali na hita. Digrii 1 kwa siku ndiyo mwisho, na nusu ni bora zaidi. Ukifika 8, simama. Kuna watakaokwambia 11 au 12 huharakisha ukuaji. Katika matangi yenye maji safi sana, KH ya juu hivyo ndiyo inayounguza zile ncha. Mimi napendelea 8 isiyotikisika kuliko 11 inayopanda na kushuka.

Ukishafika 8, siku tatu usiongeze kitu, na pima kila siku saa moja jioni. Saa ileile. Tuseme Jumatatu ni 8.2 na Alhamisi ni 5.8: matumbawe yako yanakula digrii 0.8 kwa siku. Hiyo ndiyo namba ambayo hukuwa nayo tangu mwanzo. Kwa lita 260 inataka gramu 6 na kitu za baikabonati kila siku, na gramu 5 na nusu hivi za kloridi ya kalsiamu ya kawaida, ile yenye maji mawili ndani yake. Kabla ya kuanza, irudishe KH kwenye 8 polepole kama mwanzo. Kimoja weka asubuhi, kingine jioni, kamwe visikutane kwenye jagi moja. Kalsiamu ianze kuongezwa ikishuka kufikia 420. Namba zako zitatofautiana na mfano wangu, na zitapanda kadiri matumbawe yanavyokua, kwa hiyo rudia zoezi hili kila baada ya miezi miwili.

Kuhusu maji ya Mombasa, ni zaidi ya kilomita elfu moja kuyasafirisha, na yangefika na KH ya 6 na nusu au 7, ile ya bahari yoyote. Bahari haihitaji zaidi kwa sababu haiishiwi. Lako ni sanduku dogo. Hata ukibadilisha asilimia 10 ya maji kwa chumvi mpya yenye KH 8 wakati tangi liko 5, unapata digrii 0.3 tu, na matumbawe yameimaliza kabla ya chakula cha mchana kesho yake. Kubadilisha maji kuna faida zake nyingine. Hii si mojawapo. Na kwa kuchanganyia chumvi usitumie maji ya bomba moja kwa moja. Maji yetu kutoka ziwa Nalubaale (Victoria) ni laini na yamewekwa klorini, yapitishe kwanza kwenye mchujo.

Ncha nyeupe siwezi kuziamua kwa maandishi. Zinaweza kuwa mifupa mipya ambayo ngozi bado haijaifunika, zinaweza kuwa zimeungua kwa kule kupanda na kushuka kwa KH. KH ikitulia kwa wiki tatu na weupe usiongezeke, subiri. Lakini ukiona ngozi inabanduka kutoka chini kwenda juu na mfupa mtupu unabaki, usingoje barua yangu nyingine: ita siku hiyohiyo mtu anayetunza matangi ya maji chumvi aje aone kwa macho yake taa, mkondo na samaki wako, na apime kwa vifaa vyake, si vyako. Maji ya chokaa yakiingia jichoni, liweke chini ya maji safi yanayotiririka kwa dakika 20 bila kusimama, kisha nenda hospitali hata kama maumivu yameisha. Na ukihisi mtekenyo wa umeme unapotia mkono tangini, zima swichi kuu kwanza. Hita iliyovaa ganda huweza kupasuka, na hilo ni la fundi umeme kabla halijawa langu.

Nitumie namba za siku tatu, magnesiamu, na picha ya zile ncha iliyopigwa taa za buluu zikiwa zimezimwa.